Ukienda Ikombe kununua chungu

Mimi nauza maharage na makande hapa Mbeya, na vyungu vyangu vyote vimefinyangwa na akina mama wa Kikisi, kule Ikombe kwenye Ziwa Nyasa. Wateja huniuliza wavipate wapi. Sokoni mjini vipo, ila kama una siku mbili za nafasi, vifuate mwenyewe.

Safari ipange kwa kuifuata Jumamosi, ndiyo siku ya soko la Lyulilo, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka Matema. Ijumaa panda gari la Kyela kupitia Tukuyu, kisha tafuta usafiri wa Matema unaopita Ipinda. Lala Matema. Machi hadi Mei mimi siendi: mvua ya Kyela haina mzaha, na vyungu navyo huchelewa kukauka. Beba noti ndogo ndogo, chenji ni shida kila mahali.

Asubuhi na mapema ufukweni utaona mitumbwi ikiingia imesheheni vyungu. Usikimbilie kununua. Zunguka kwanza, salimia. Mama mtu mzima ni shikamoo kabla ya bei, na ukikaribishwa kukaa, kaa. "Ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, inaeleweka huko kote, nayo hulainisha maongezi kuliko kupunguziwa shilingi mia tano. Kuomba kupunguziwa si vibaya, lakini usibane kama uko kwenye mitumba. Kile chungu kimekandwa, kimekaushwa, kimechomwa na kupigiwa kasia.

Ukitaka kuona kinavyotengenezwa, itakubidi uende Ikombe kwenyewe, chini ya milima ya Livingstone. Patana na mwenye mtumbwi nauli ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, na uondoke asubuhi, maana upepo ukishaamka ziwa hilo huchafuka. Kupiga picha omba ruhusa, na ukishapiga, nunua walau kibakuli.

Kaa karibu na mfinyanzi utazame mikono. Donge la udongo linakaa kwenye kigae kipana. Mkono mmoja unakizungusha, mwingine unavuta udongo kupanda juu. Sehemu ninayoipenda ni mdomo wa chungu: anaushika kati ya kidole gumba na cha shahada, vimelowa maji, anazungusha taratibu mpaka ukingo unakuwa sawa pande zote. Hana kipimo chochote. Kikishakauka kiasi husuguliwa hadi king'ae, hupakwa rangi nyekundu ya udongo, halafu huachwa kikauke kabisa. Hapo hakuna haraka, kwani unyevu ukibaki ndani hugeuka mvuke kwenye moto na chungu hupasuka. Kuchoma hufanyika nje peupe, kwa kuni na nyasi. Yale madoa meusi utakayoyaona ubavuni ni alama za moto na moshi, hayana ubaya wowote. Mimi hata huyapenda.

Sasa kuchagua. Kining'inize kwa vidole, kigonge ubavuni kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia. Chenye ufa hutoa sauti butu, hata kama ufa wenyewe huuoni. Kisha kielekeze kwenye jua uchungulie ndani. Mwanga ukipenya, kirudishe. Kiweke chini uone kama kinatulia, ingawa kwa mafiga kitako cha mviringo ndicho kizuri. Vile vyenye maua mengi vimetengenezwa vya kupamba sebule, na bei yake ni ya sebule. Cha kupikia mwambie mama mwenyewe akuchagulie, umtajie unachopika. Hawatakudanganya, wanajua utarudi.

Kufunga waachie wao, wana ustadi wa kupanga na majani makavu ya migomba kati ya kimoja na kingine. Kwenye gari usikubali kiwekwe juu ya keria wala chini ya magunia ya mchele. Pakata, hata kondakta akinuna.

Nyumbani kiloweke usiku mzima, kisha chemshia uji mwembamba wa mahindi kwa moto mdogo, uuache upoe humo humo kabla ya kuumwaga. Baada ya hapo pika maharage. Usikitoe motoni ukakimwagia maji baridi, na sabuni usiipake kabisa, huingia kwenye udongo na utaila kwenye mchuzi.