Somo: Namna ya kuyawahi majira ya kuchipua Uingereza

Wadau, salaam. Kila Mei hapa Norwich hakosekani mtu wa nyumbani wa kuniambia, "Afadhali, baridi imeisha, sasa kunaanza kuchipua." Kuanza wapi? Mei mambo yameshakolea. Yalianza Januari, wewe ukiwa chini ya blanketi. Siwacheki, maana mimi mwenyewe miaka minne ya kwanza sikuona kitu. Nilikuwa nasubiri joto, na joto ndilo linalofika mwisho. Kwetu Lushoto hakuna anayengoja kulowa ndipo ajue masika yamekuja. Anatazama mawingu na upepo, anajua. Huku nako dalili zipo, ila ni ndogo na nyingi ziko chini, usawa wa kiatu.

Haya ninayoeleza ni ya mashariki na kusini mwa Uingereza. Aliye Scotland aongeze wiki kadhaa.

Hatua ya 1: Chagua njia moja. Usitange. Tafuta njia ya dakika 20 na uipite hiyohiyo kila wiki, kwa sababu huwezi kuona kilichobadilika mahali usipopajua. Yangu inaanzia kituo cha basi ninaposhuka asubuhi nikitoka zamu ya usiku, inapita nyuma ya bustani za kukodi, inakatiza shamba la mtu mpaka kijitoni. Mwanzoni niliogopa hilo shamba. Kumbe England na Wales zimejaa njia za umma zinazopita katikati ya mashamba: mshale wa njano ni wa waenda kwa miguu, wa buluu unaruhusu na farasi na baiskeli. Usitoke njiani, lango liache kama ulivyolikuta, na kama una mbwa mfunge kamba, kwa kuwa ni msimu wa kondoo kuzaa.

Hatua ya 2: Fuata mwanga, achana na kipimajoto. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo sisi Waswahili tuna faida. Saa yetu inahesabiwa tangu jua kuchomoza, na kwetu inakubali mwaka mzima: mchana wa Dar es Salaam hautofautiani hata saa nzima kati ya Juni na Desemba. Huku Desemba saa ya Kiswahili ni kichekesho. Unasema saa moja asubuhi na nje ni giza tororo. Jua linatoka saa mbili imepita, na kabla ya saa kumi alasiri limeshazama. Lakini kuanzia Februari mchana unarefuka zaidi ya dakika 3 kila siku, na ikifika tarehe 20 Machi hivi, jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili na kutua karibu na saa kumi na mbili. Kwa siku chache tu Norwich inakwenda kwa saa ya bibi yangu. Mimi siku hizo natoka nje kusudi nilione jua likitii. Halafu Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele, raha inaisha.

Hatua ya 3: Inama. La kwanza ni snodropu: ua jeupe, fupi, limeinamisha kichwa kama bi harusi. Linatoka Januari na Februari, hata kwenye theluji. Wakati huohuo tazama mti wa hezeli kando ya njia. Hauna jani hata moja, ila umening'iniza vishada vya njano kama hereni. Hayo ni maua dume, wengi huishia hapo. Sogea karibu zaidi, kwenye vitawi utaona kijichipukizi kilichotoa nyuzi nyekundu, fupi kuliko punje ya mchele. Hilo ndilo ua jike, na ndilo litakalokuwa karanga ya hezeli. Mti unawahi kabla ya majani ili upepo ubebe chavua bila kizuizi. Nilimwonyesha mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa hapahapa. Alikuwa hajawahi kuliona.

Mwisho wa Februari chini ya vichaka zinatokea selandini, maua ya njano yenye umbo la nyota. Jua likiwaka yanafunguka, wingu likipita yanajifunga. Machi vichaka vya miiba vyenye gome jeusi vinageuka vyeupe vyote, maua yametangulia majani. Usidanganyike hiyo wiki. Mara nyingi baridi hurudi.

Hatua ya 4: Sikiliza. Ndege mweusi mwenye mdomo wa njano huimba juu ya mapaa alfajiri na jioni. Katikati ya Machi anafika mmoja mdogo wa kijani-kahawia anayejitaja: chif-chaf, chif-chaf, bila kuchoka. Aprili wanakuja wageni wetu. Mbayuwayu wa Uingereza hukaa Afrika Kusini kipindi chote cha baridi, kisha huvuka Sahara kurudi kujenga mabandani. Na yule kekeo, anayelia jina lake la Kiingereza, cuckoo, kwa sauti mbili, Waingereza wanamwona wao kabisa. Tangu 2011 shirika la utafiti wa ndege la BTO limekuwa likiwavika vifaa vya setilaiti, ikaonekana kwamba baridi inapoanza wao wako zao kwenye misitu ya bonde la Kongo. Basi nani mwenyeji, nani mgeni?

Hatua ya 5: Bustanini, zuia mikono. Mabua makavu ya mwaka jana yaache kwanza, wadudu bado wamelala humo. Nyuki mnene mwenye manyoya unayemwona Machi akirukaruka chini-chini ni malkia. Kundi lake lote lilikufa, amebaki peke yake akitafuta shimo la kuanzisha jingine. Na usipande. Mwaka mmoja siku tatu za joto katikati ya Aprili zilinilevya, nikatoa miche ya mahindi na mchicha nje. Usiku wa nne jalidi ikashuka, asubuhi miche imekuwa kama mboga iliyochemshwa. Sasa naiotesha dirishani Aprili, naitoa mwisho wa Mei.

Hatua ya 6: Andika. Tarehe na ulichokiona, basi. Si mbali na hapa, kijiji cha Stratton Strawless, Robert Marsham alianza mwaka 1736 kuandika dalili za majira haya, na ukoo wake ukaendelea mpaka 1958. Daftari langu lina miaka sita na madoa ya chai.

MASWALI YA WADAU

*Mdau wa Reading:* Shikamoo dada. Nimeona majani yanayowasha kama thabai ya kwetu Nyeri. Yanalika?

Marahaba. Ni ya jamii hiyohiyo. Vaa glavu, chuma ncha changa tu kabla hayajatoa maua. Yakipata moto hayawashi tena. Mimi nayapika kama mchicha, kwa nazi.

*Mama Wawili, Leicester:* Nyumba tuliyohamia kuna vitunguu vimechipua vyenyewe bustanini. Nivichimbe?

Mama, usivipike hata kidogo! Karibu na hakika ni vya maua, dafodili au snodropu, na vyote ni sumu. Subiri utaona maua. Na vya porini usiving'oe: sheria ya 1981 inakataza kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi.

*Mdau wa Cardiff:* Watoto wamekuta mayai ya chura, donge zima kama uji wa sagu. Tuhamishie kwenye kidimbwi chetu?

Yaacheni hapohapo, kuhamisha kunasambaza magonjwa ya vyura. Warudisheni watoto kila wiki wakaone viluwiluwi.

*Mdau wa Leeds:* Mbona napiga chafya Februari, na mafua sina?

Huenda ni zile hereni za hezeli nilizozisifia. Chavua yake inaanza mapema. Muulize mfamasia, na ukumbuke Aprili kuna mti mwingine, bechi (birch), ambao ni mkali zaidi.

*Mdau wa Manchester:* Mimi ghorofa ya saba, bustani sina.

Fungua dirisha kabla ya kukucha. Yule mweusi wa mdomo wa njano hahitaji bustani yako.

*Mdau wa Reading:* Dada, thabai nimepika, mume kaomba tena. Mbayuwayu ameshafika kwenu?

Bado. Leo tarehe 9 Aprili nimepita, waya wa umeme pale kwenye banda la ng'ombe uko mtupu. Mwaka jana alikuja tarehe 14. Kesho nina zamu, nitapita tena.