Kupima vitamini A mwilini: usiishie kwenye namba ya retinoli

Wengi wanapima retinoli, yaani vitamini A inayozunguka kwenye damu, afu wanatoa jibu hapohapo, hapana jamani, fikiria ini kwanza. Akiba kubwa ya vitamini A inakaa kwenye ini, na ini linaitoa kidogo kidogo ili damu isiyumbe, kwahiyo akiba inaweza kukaribia kuisha na retinoli bado inasoma vizuri tu.

Ukipima retinoli chunga sana mwanga manake unaiharibu. Ukishavuta damu funga tyubu na foili, weka kwenye ubaridi, zungusha kwenye mashine utenge seramu (majimaji ya damu yasiyo na seli), mwanga wa chumba uwe hafifu, na kama hupimi mapema gandisha nyuzi -70 au chini zaidi. Seramu ikitoka nyekundu seli zimepasuka, chukua ingine. Unasoma kwa HPLC, mashine inayotenganisha kemikali na kupima kiasi chake, chini ya maikromoli 0.70 kwa lita ndo upungufu.

Ila kwenye sampuli hiyohiyo pima CRP na AGP, protini mbili zinazopanda mwili ukiwa na maambukizi, tafadhali usiruke hapa! Mtu akiwa na maambukizi, RBP ambayo ndo protini inayobeba retinoli inashuka, na retinoli inashuka nayo hata kama ini limejaa. CRP ikizidi miligramu 5 kwa lita au AGP ikizidi gramu 1 kwa lita, usiiamini retinoli peke yake, utamwandikia mtu upungufu asionao.

Kujua akiba yenyewe fanya RDR, kipimo cha kuona retinoli inapanda kiasi gani baada ya dozi. Vuta damu, mpe dozi ndogo ya vitamini A kwa mdomo pamoja na mafuta kidogo, vuta tena baada ya masaa 5. Ini lisilo na akiba linakuwa limerundika RBP tupu, kwahiyo dozi ikifika inabebwa kwa wingi kwenda kwenye damu. Tuseme ya kwanza 0.80, ya pili 1.10: tofauti 0.30, gawa kwa 1.10, zidisha mara 100, unapata 27. Kuanzia 20 akiba haitoshi, na ona huyu kwa retinoli peke yake angepita kama mzima kabisa.

Kuchoma mara mbili kukiwa shida, mtoto mdogo kwa mfano, kuna MRDR, yaani RDR iliyorekebishwa, unampa vitamini A2 (aina ya vitamini A ambayo kwa kawaida haimo mwilini) unavuta damu mara moja tu kati ya masaa 4 na 6, uwiano wa A2 kwa retinoli ukianzia 0.060 akiba ni ndogo.

Ukihisi vitamini imezidi, vipimo hivi vyote havikusaidii, hapo ni kipimo cha isotopu, dozi ya vitamini A yenye kaboni-13 (kaboni nzito kidogo inayotambulika kwenye kipimo) kisha unaipa kama wiki mbili ichanganyike na akiba ndo uvute damu.