Konseto ya chelo: kujua mwendo, kii na hisia zake

Mpwa wangu hupiga kinanda kanisani huko Kisauni. Juzi alikuja kwangu Tononoka na flashi yenye konseto ya chelo ya Elgar, mtunzi Mwingereza, aliyoinakili kutoka santuri. Konseto ni muziki wa ala moja ikiongoza okestra, na chelo ni kama fidla kubwa, hupigwa umekaa. Ataka kila muziki wake uandikwe mwendo (kasi ya mapigo), kii (noti ambayo muziki hutua kama nyumbani) na hisia, ili akitafuta wa kuweka chini ya maigizo asihangaike. "Mjomba, programu ya kutambua kii yasema G meja, jalada lasema E maina. Nani mwongo?"

Hatua ya 1: Kata faili. Konseto hii ina sehemu nne, zitenganishe. Mimi hutumia Audacity, ni ya bure na haisumbui kompyuta kuukuu.

Hatua ya 2: Mwendo. Usihesabu tangu mwanzo, maana chelo hufungua kwa kujisemea, bila mapigo ya kushika. Ngoja viola (fidla kubwa kidogo) ziingie na wimbo, kisha gonga meza kwa sekunde 20 na uzidishe kwa 3. Ukigonga mara 18, ni mapigo 54 kwa dakika. Wimbo huo ni wa 9/8: mapigo madogo tisa yamebebwa na makubwa matatu. Gonga makubwa. Programu ikikupa mara tatu ya hesabu yako, imehesabu madogo.

Hatua ya 3: Kii. Hapa ndipo tulipokesha. E maina na G meja zina noti zilezile, tofauti ni pa kutua. Wanakwaya mtanielewa: E maina hutua "la", G meja "do". Programu yetu ilikuwa yapima noti zipi zimejaa, basi. Tena sehemu ya pili ni G meja kweli, na ya tatu ni B flati meja, kwa hiyo ukiipa faili zima umeipa pilau na biriani sahani moja.

Tukaipa sehemu ya kwanza pekee. G meja tena! Saa nane usiku ndipo nilipovaa hedifoni nikausikia mngurumo wa stima. Stima yetu hutetema mara 50 kwa sekunde, na G nzito ni kama 49. Kumbe faili lilikuwa na G inayovuma toka mwanzo hadi mwisho, mpiga besi asiyealikwa! Ondoa 50, na 100 pia, kwa kichujio chembamba. Usifyeke kila kilicho chini: uzi mnene wa chelo uko kama 65, lakini besi za okestra hushuka zaidi. Na fanyia kwenye nakala, tafadhali.

Kama ni santuri, kagua na kasi. Ikizunguka haraka kwa takriban asilimia 6, kila kitu hupanda nusu sauti: E maina yageuka F maina, na mwendo wako wa hatua ya 2 ni bure.

Hata baada ya hayo, sikio langu ndilo nililoliamini. Imba pamoja nayo, simamisha ghafla, usikie sauti yako yataka kukaa wapi. Katikati ya sehemu ya kwanza hung'aa kidogo, ni E meja, lakini nyumba ni E ileile.

Hatua ya 4: Hisia. Mpwa aliandika "huzuni" mara nne. Nikafuta. Elgar aliitunga 1919, Vita Vikuu vya Kwanza vimekwisha. Sehemu ya kwanza nikaandika "simanzi ya mtu mzima, halii", ya pili "wasiwasi mwepesi, mbio". Andika pia ni dakika ya ngapi hisia inabadilika, la sivyo mwigizaji atacheka muziki ukiomboleza.