Kufunga aktueta kwenye usukani wa krola: pima kwanza, ndipo uagize

Kwa sisi wa Kigoma, kifaa kidogo cha elektroniki kikishaagizwa hakirudi. Kinatoka nje, kinafikia Kariakoo, kinapandishwa basi au treni, na ukikuta hakifai, aliyekuuzia hana habari na wewe. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na rula. Bisibisi itafuata.

Ninamwandikia mwenye krola ya kipimo cha 1/10, lile gari la rimoti la kupanda mawe, lenye ekseli nzima mbele na nyuma, anayetaka kuondoa sevo ya usukani, yaani ile mota yenye mkono inayogeuza tairi, na kuweka aktueta. Aktueta ni kijiti chenye mota ndogo, gia na skrubu ndani. Badala ya kuzungusha mkono kama sevo, inasukuma na kuvuta kwa mstari ulionyooka.

Tuelewane mapema kuhusu nguvu, maana hapa ndipo watu hudanganyana. Sevo ya kilo 25 kwa sentimita, yaani inayosukuma kilo 25 kwenye mkono wa sm 1, ukiifungia mkono wa sm 2, inasukuma kwa kilo 12 na nusu. Aktueta ndogo ninazozizungumzia zinasukuma kilo 2 hadi 8, kutegemea gia. Anayetafuta ubabe abaki na sevo. Faida ya aktueta iko kwingine: inalala juu ya ekseli bila kula nafasi ya chasisi, haina mkono wa kung'oka meno, na skrubu yake inashikilia pale ilipofika, hivyo jiwe likigonga tairi usukani haurudi nyuma kirahisi. Halafu kuna sura. Magari makubwa ya kupanda miamba yenye usukani wa haidroliki hubeba silinda juu ya ekseli namna hiyohiyo, na wengi wetu, tuseme ukweli, tunafuata hilo.

Hatua ya 1: Pima mkono wa naki

Chukua rula au kalipa. Naki ni kile kipande cha mwisho wa ekseli kinachobeba tairi na kugeuka nalo. Pima kutoka katikati ya kingpini, pale naki inapozungukia, hadi katikati ya tundu la boljointi (kiungo cha duara kinachocheza) ya tairodi, ile fimbo inayounganisha naki ya kushoto na ya kulia. Kwenye ekseli nyingi za 1/10 utapata kati ya mm 15 na 20. Kisha shika tairi kwa mkono, igeuze hadi igome, ukadirie nyuzi. Krola nzuri inafika nyuzi 40 hivi kila upande.

Sasa hesabu. Mwendo unaohitajika kila upande ni urefu wa mkono huo mara sine ya pembe. Sine ya nyuzi 40 ni 0.643. Mkono ukiwa mm 18, unapata mm 11.6 kila upande, yaani mm 23 kutoka kona kamili ya kushoto hadi ya kulia. Mkono wa mm 15 unahitaji mm 19 na kitu. Mkono wa mm 20 unakaribia mm 26.

Namba hiyo moja inaamua karibu kila kitu kinachofuata. Aktueta za kampuni ya Actuonix aina ya L12, ambazo wapenzi wengi wa mchezo huu wanazijua, zina mwendo wa mm 10, 30, 50 au 100. Kwa mfano wetu wa mm 23, ya 30 ndiyo yenyewe. Ya 50 itakulazimu kutumia chini ya nusu ya mwendo wake huku ikikusumbua kwa urefu. Ndugu yake mdogo, PQ12, ina mwendo wa mm 20. Inaingia kwenye mkono wa mm 15, ila kwa kubanana, na ukikosea katikati kidogo tu upande mmoja utakosa kona.

Hatua ya 2: Chagua gia kwa saa, usichague kwa kilo

Hapa mnunuzi mpya huona gia ya 210:1 (mota inazunguka mara 210 ili skrubu izunguke mara moja) yenye kilo 8 na macho yakamtoka. Angalia mwendokasi wake kwanza. L12 ya 50:1 inakwenda takriban mm 25 kwa sekunde ikiwa haina mzigo, ya 100:1 takriban 13, na ya 210:1 takriban 6 na nusu. Gawanya zile mm 23 zako: ya kwanza inamaliza kona hadi kona kwa chini kidogo ya sekunde moja, ya pili kwa karibu sekunde mbili, ya tatu kwa sekunde tatu na nusu. Hizo ni sekunde za mezani. Tairi laini zikishika jiwe, ongeza.

Sekunde tatu na nusu ni nyingi mno. Utageuza usukani, gari litasogea, utaona halijageuka, utaongeza, na mwisho utakuwa umepitiliza. Kwa gari lisilozidi kilo 2 na nusu mimi ninaweka 100:1. Gari jepesi zaidi, lenye tairi nyembamba, 50:1 inatosha na raha yake ni kubwa. 210:1 iache kwa wanaotengeneza magreda na vijiko vya kuchezea.

Hatua ya 3: Soma herufi ya mwisho kabla hujalipa

Aktueta mbili zinaweza kufanana kama mapacha na zikatofautiana kwa herufi moja. Unayoitaka inaishia na R: ina ubongo wa sevo ndani, waya tatu, unaichomeka moja kwa moja kwenye risiva, kile kipokezi cha rimoti ndani ya gari. Yenye S ina swichi za mwisho tu, itakwenda hadi mwisho wa njia na kusimama, haijui katikati ni wapi. Yenye P inatoa taarifa ya ilipo lakini haina wa kuisoma, itahitaji bodi ya pembeni. Kwenye mtandao wauzaji huchanganya picha, kwa hiyo soma namba ya bidhaa na usiamini picha.

Kama bei imekukatisha tamaa, unaweza kutengeneza yako. Unahitaji mota ya N20 yenye skrubu ya M4 badala ya shafti, bodi iliyotolewa kwenye sevo iliyokufa gia, na volyumu ya kutelezesha ya mikseri ya muziki, ambayo kwa fundi wa redio yeyote wa Mwanga hapa Kigoma haikosekani kwenye ndoo ya skrepa. Skrubu ya M4 inasogeza nati mm 0.7 kwa mzunguko, kwa hiyo mota ya mizunguko 1,000 kwa dakika inakupa karibu mm 12 kwa sekunde. Volyumu inachukua nafasi ya ile ya duara iliyokuwa ndani ya sevo, ikiiambia bodi nati imefika wapi, na kitelezi chake unakifunga kwenye nati ili visogee pamoja.

Igeuze hiyo volyumu usome maandishi yake. B10K ni sawa. A10K achana nayo: ile ya A imetengenezwa kwa ajili ya sikio, ukinzani wake haupandi sawasawa, na usukani wako utakwenda kidogo kushoto na sana kulia. Kama maandishi yamefutika, weka kitelezi katikati kabisa na upime kwa mita kutoka mguu wa kati kwenda kila mwisho. Zikikaribiana, chukua. Chagua yenye njia ya mm 60, kwa sababu bodi ya sevo kwa kawaida hutumia takriban theluthi moja tu ya njia ya volyumu, na theluthi ya 60 ni mm 20, karibu kabisa na unachohitaji.

Ukiiwasha mara ya kwanza, kidole kiwe kwenye swichi. Ikikimbilia mwisho na kung'ang'ania huko, waya za mota zimepishana, zibadilishane. Hilo usilichanganye na usukani kwenda kinyume, ambalo linarekebishwa kwenye rimoti.

Hatua ya 4: Ifunge kwenye ekseli, na iache ipumue

Usifunge aktueta kwenye chasisi. Ekseli ya krola inainama sana upande kila gurudumu linapopanda, na umbali kati ya chasisi na naki unabadilika. Usukani utajigeuza wenyewe bila wewe kugusa rimoti. Weka bamba la alumini la mm 2 juu ya ekseli, upande mmoja karibu na naki ya kushoto, na aktueta ielekee naki ya kulia. Tairodi ya kawaida inabaki kuunganisha naki mbili. L12 ya mm 30 ikiwa imefunga ina urefu wa takriban sm 8 kutoka tundu hadi tundu, ikiwa katikati inakaribia 10, kwa hiyo inaenea vizuri kati ya naki na naki.

Sasa jambo linaloua aktueta nyingi. Ncha ya mkono wa naki haiendi kwa mstari, inachora upinde. Kwa mkono wa mm 18 na nyuzi 40, ncha hiyo inahama zaidi ya mm 4 kwenda mbele au nyuma. Ukiifunga aktueta kwa klempu isiyocheza, zile mm 4 zitalipwa na fimbo ya aktueta, ile inayotoka na kuingia, ambayo haikuumbwa kupindwa kwa ubavu. Pande zote mbili ziwe na boljointi, au nyuma iwe na bolti ya M3 yenye nati ya nailoni iliyokazwa kisha ikarudishwa robo mzunguko. Ukiishika kwa vidole unapaswa kuweza kuitikisa kidogo.

Hatua ya 5: Umeme kabla ya kuunganisha naki

Hizi ni za 6V. Spidi kontrola (kifaa kinachoendesha mota ya gari) nyingi za krola zina chaguo la 6V au 7.4V kwa ajili ya sevo. Hakikisha iko 6V. Chomeka aktueta ikiwa bado haijaunganishwa na naki. Washa, weka trimu ya rimoti (kirekebishi cha katikati ya usukani) sifuri, iache ifike katikati. Ndipo uweke tairi sambamba na gari na urekebishe urefu wa boljointi kwa kuzungusha uzi wake hadi tundu liingie lenyewe bila kuvutwa.

Mipaka inafuata. Kwa mm 23 kati ya 30, EPA ya usukani, yaani mpangilio wa rimoti unaoweka mwisho wa mwendo kwa kila upande peke yake, iwe karibu asilimia 77 kila upande. Anza na 60, panda kidogo kidogo ukiangalia naki. Inapogusa kizuizi chake, rudi pointi mbili. Aktueta inayosukuma ukuta itanguruma kwa sauti nyembamba, na sauti hiyo ni mota inayojichoma. Rimoti za bei ndogo hazina EPA, zina kitufe cha D/R tu kinachopunguza pande zote kwa pamoja. Kwa hizo, ile katikati uliyoiweka hapo juu iwe sahihi kwelikweli.

Hatua ya 6: Mchanga

Maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo kutu si tishio kubwa. Mchanga wa Kibirizi na Katonga ndio adui, mgumu, unaingia na fimbo kila inaporudi ndani. Kata kidole cha glavu ya hospitali, toboa ncha, kivalishe fimbo kama soksi, ufunge pande zote kwa uzi. Kiwe kirefu cha kutosha kisivutike fimbo ikitoka yote. Grisi nyeupe kidogo kwenye skrubu ya ile uliyotengeneza mwenyewe, na mawese yabaki jikoni, yanaganda asubuhi za baridi.

Barabarani, au tuseme maweni, badili mkono wako. Geuza usukani huku gari likitambaa, kwa sababu tairi linalozunguka linageuka kwa nguvu ndogo kuliko lililosimama. Anza kugeuza kabla ya jiwe, wala usisubiri tairi lishabanwa. Watengenezaji wa L12 wanakadiria ifanye kazi sehemu moja kati ya tano ya muda. Kwenye mawe ya Bangwe hutaifikia, lakini mtoto anayechezesha usukani kushoto-kulia ukiwa unabadilisha betri ataifikia upesi. Iguse kwa kidole kila unapobadilisha betri. Ikiwa moto kiasi cha kuondoa kidole, iache kivulini, na unaposubiri kagua ile nati ya nailoni ya nyuma.