Kuku kakaa kwenye kiota mchana? Usimwekee mayai bado!

Simu ninazopigiwa na wafugaji wa kuku wa kienyeji zinafanana mpaka nachoka. "Afisa, kuku wangu kaatamia juzi nikamwekea mayai 14, leo asubuhi namkuta nje anachakura na wenzake, mayai ya baridi, nifanyeje?" Ndugu yangu hapo hakuna cha kufanya. Huyo kuku hakuwa ameatamia, alikuwa anataga.

Kuku anayetaga anakaa kwenye kiota nusu saa, wengine saa nzima na zaidi, na mtetea anayetaga kwa mara ya kwanza ndo usiseme. Wewe unapita saa tano asubuhi unamuona katulia, katoa macho, unakimbilia trei. Hesabu hasara sasa, yai ukilipiga shilingi 500 mayai 14 ni elfu 7, na huwezi kuyarudisha sokoni maana yashapata joto. Kufika siku ya pili moyo wa kifaranga ushaanza kupiga, akiondoka mayai yakalala baridi usiku kucha kwa kawaida umeshapoteza. Na mimi mwenyewe nishawahi kufanya hivo, tena nikiwa nishasomea, nikapoteza mayai 13 kwa haraka zangu.

Kipimo ni USIKU. Narudia, usiku. Nenda bandani saa mbili au saa tatu, wenzake wakiwa wamepanda kwenye fito. Ukimkuta yeye yuko kiotani hiyo ni alama moja tu, maana kuna kuku wana tabia ya kulala kiotani bila sababu. Kwa hiyo mguse, pitisha mkono taratibu chini ya kifua. Aliyelala tu atashtuka na kukimbia. Aliyeatamia atajitanua kama sinia, manyoya yanasimama, anatoa ule mlio mzito wa chini chini kro kro kro, anaweza akakudonoa pia ila hatoki. Sasa sikilizia kiganja, ngozi ya kifuani ina joto kali na manyoya yamepungua, sehemu nyingine iko wazi kabisa nyama kwa yai.

Halafu asubuhi angalia kinyesi chake. Anayeatamia anatoka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 20, anakula mbio mbio, anakunywa, anaachia donge moja kubwa linalonuka vibaya mno kisha anarudi. Ukinusa hilo mara moja huulizi tena.

Usiku mmoja hautoshi! Nataka usiku 3 mfululizo, na kwa hizo siku 3 muachie mayai mawili tu ya kupoteza, yaweke alama ya penseli, sio kalamu ya wino. Akitaga jingine mchana toa siku hiyo hiyo, na ujue bado hajamaliza kutaga, anza kuhesabu upya. Najua kuna mtu atasema bibi yake alikuwa anamuacha tu kuku mwenyewe na anatotoa. Ni kweli, lakini bibi alikuwa anamuacha kuku na mayai yake aliyotaga mwenyewe hapo hapo, wewe unamletea mayai 14 ya kununua siku ya kwanza, hayo ni mambo mawili tofauti.

Mayai unayotaka yatotolewe yakae mahali penye ubaridi, ncha iliyochongoka ikitazama chini, yasizidi siku 7, usiyaoshe, na usiyaweke kwenye friji wala juu ya kabati chini ya bati. Usiku wa tatu ukishajiridhisha, muwekee saa tatu usiku huo huo kwa mwanga mdogo wa tochi, toa yale mawili ya penseli. Kama unataka kumhamisha ni usiku huo pia, mchana atarudi kiota cha zamani na utaanza kumlaumu. Kuku wa kawaida mpe 10 mpaka 12. Mkubwa anaweza kuzidisha kidogo, ila ukichungulia usione yai hata moja limetokeza pembeni, likitokeza toa, kwa sababu hao wanazungusha mayai na lililo nje leo kesho liko katikati na jingine ndo limepoa. Mfungie kiota wenzake wasije kutaga humo, na watoto waambieni waache kuchungulia kila baada ya dakika kumi.

Ukimuwekea Jumatatu usiku hesabu Jumatatu tatu, siku 21. Siku ya 7 mulika mayai kwa tochi, yale meupe yasiyo na mishipa toa. Kuanzia siku ya 18 muache kabisa. Ukisikia vilio chini ya mbawa basi, imekubali.

Na nyie wenye kuku chotara wa Kuroiler na Sasso mnaoniuliza mbona mwezi wa pili sasa hawalali usiku kiotani, hao silika ya kuatamia imepungua sana, mtasubiri mno. Tafuteni mtetea wa kienyeji awalalie mayai, na huyo naye apimwe usiku 3 kama wenzake.