Usukani wa Bei Kubwa: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Kabla hujatoa pesa kununua usukani mpya wa baiskeli ya mbio, ule wa kulalia wenye viegemeo vya viwiko, ulalie ulio nao dakika 20 mfululizo. Shingo ikikulazimisha kuinuka, usukani mpya hautakufaa kitu, kwa sababu sehemu kubwa ya upepo unaokuzuia inagonga mwili wako wewe. Mimi nilianza na alenki tu, ile spana ndogo ya pembe sita: nikateremsha viegemeo vya viwiko milimita 10, nikavisogeza ndani kidogo. Kidevu kikashuka, mabega yakabana, na bado nilipumua vizuri.

Halafu pima muda wako. Barabara tambarare, alfajiri upepo ukiwa umetulia, nenda na urudi kwa wati zilezile (yaani nguvu ileile ya kukanyaga pedali), nguo zilezile, upepo wa tairi uleule. Kila mkao mara tatu. Tofauti ya mara moja usiiamini kabisa.

Nguo ya kubana na helmeti nzuri zitangulie. Usukani wa bei nauunga mkono pale tu ulio nao umefika mwisho wa kurekebishwa na viwiko bado vinauma. Hapo, katika kilomita 180 za baiskeli za Ironman, mashindano marefu ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, kulala bila kuhangaika kunaokoa dakika za kweli. Ila hakikisha usukani huo unaingia kwenye baiskeli yako: baadhi hukubali usukani wa kampuni yake pekee.