Kutoka Bunju hadi Bagamoyo kwa Miguu: Mwongozo kwa Asiye Mwanamichezo

Mtu ambaye tangu amalize shule hajakimbia isipokuwa kuwahi daladala anaweza kutembea kilomita 30 kwa siku moja, mradi ajipe miezi minne ya maandalizi na akubali kwenda polepole kuliko anavyotamani. Nilikuwa mtu wa namna hiyo, na njia niliyojiwekea kuwa lengo ni ile ya Bunju hadi Bagamoyo, yenye zaidi kidogo ya kilomita hizo.

Anza kwa kuhesabu dakika, si kilomita. Katika wiki mbili za mwanzo tembea dakika 30, mara nne kwa wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza bila kutweta. Kuanzia wiki ya tatu, tenga siku moja ya matembezi marefu: anza na kilomita 6, ongeza 2 kila wiki, na kila wiki ya nne punguza hadi karibu nusu, kwa sababu misuli hupata nguvu upesi lakini kano na mifupa huchelewa. Ukifika kilomita 24 inatosha. Hizo nyingine ziachie siku yenyewe. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza.

Kinachowarudisha wengi nyumbani si pumzi bali nyayo. Raba za mtumba zinafaa, ila zikague: bonyeza soli kwa kidole gumba uone kama bado inabonyea, kisha iangalie kwa nyuma, kwani ikiwa imelika upande mmoja, mguu wako utalazimika kufuata mwendo wa mwenye kiatu wa kwanza. Vijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Soksi za pamba tupu hunyonya jasho zikabaki nalo, na ngozi iliyolowa huchubuka haraka. Tafuta zenye mchanganyiko wa nailoni. Mapajani na kwapani paka mafuta mazito ya mgando.

Siku moja nilipuuza mwasho mdogo wa kisigino kwenye kilomita ya tisa, nikijiambia kwamba nitautazama nikifika. Nilipovua soksi nilikuta lengelenge la ukubwa wa sarafu ya shilingi 100, na wiki nzima nikawa naingia ofisini na kandambili. Tangu hapo, nikihisi joto mahali pamoja naketi kando ya barabara palepale, naukausha mguu na kubandika plasta ya kitambaa bila kuacha kunyanzi, kwa maana hata kunyanzi la plasta lenyewe huchubua.

Kuhusu maji, watu huogopa kiu kupita kiasi. Kunywa unaposikia kiu, mafunda machache kila mara, kwa kuwa maji matupu mengi mno huzimua chumvi iliyomo katika damu na kuleta kichefuchefu, maumivu ya kichwa, hata hatari kubwa zaidi. Kula kidogo kidogo njiani: ndizi, tende, kashata za karanga, au viazi vitamu vya kuchemsha vilivyotiwa chumvi.

Chagua siku kati ya Juni na Agosti, wakati joto la pwani limepungua, na uondoke saa 12 asubuhi. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, walioteremka kutoka bara hadi Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, walianza safari alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijakuwa kali, na sioni kwa nini karani mwenye begi la kilo tatu ajione hodari kuliko wao. Ifikapo saa 5 uwe umemaliza theluthi mbili za njia; hapo pumzika chini ya mwembe kwa nusu saa nzima.

Tembea upande wa kulia wa barabara ili magari yaje mbele yako ukiyaona, lakini usisahau bodaboda, ambazo hupita popote. Mapinga, Kerege na Zinga utapata maduka, na daladala hazikosekani, hivyo kuikatiza safari hakugharimu ila nauli. Maumivu yakikufanya uchechemee, panda gari. Ukipata kizunguzungu, kaa kivulini, jimwagie maji na uombe msaada, hata kama zimebaki kilomita mbili tu.

Ukifika Bagamoyo usiketi mara moja. Zungukazunguka taratibu kwa dakika kumi, la sivyo miguu itakakamaa kabla hujapanda gari la kurudi. Kandambili ziwe ndani ya begi tangu asubuhi, kwani raba hizo hutatamani kuzivaa tena siku hiyo.